Shuka Juu ya Jumba la Waya

Msomaji atakayetaka kujua nilipita njia gani kufika nchi ya Mlingotini amuulize dereva, maana mimi nilikuwa nimelala. Ninachoweza kuapa ni kwamba tulifunga shule, nikaondoka bwenini na sanduku la bati, shuka moja na njaa, na nilipofumbua macho nilikuwa mbele ya jumba kubwa ambalo paa lake lilisimamisha milingoti kama nungunungu aliyekasirika. Karibu kila mlingoti ulikuwa na bendera. Nilimuuliza mpita njia ni sikukuu gani leo. Alinitazama kwa huruma, akasema ni Jumanne.

Naeleza sasa mambo ya nchi ile kama nilivyoyaona, bila chumvi, kwa kuwa Mwalimu wetu wa Jiografia ametuagiza insha ya likizo na amesema hataki porojo.

Sheria ya kwanza ya Mlingotini ni kwamba Jumba la Waya halifungwi. Simu zote za nchi hupita humo. Ukitaka kuzungumza na mtu wa wilaya nyingine, unanyanyua mkono wa simu, sauti yako inamfikia mmoja wa waunganishi waliokaa safu kwa safu ukumbini, naye anachomeka waya wako kwenye tundu la unayemtaka. Zamani, kila kanuni ya kazi ilipobadilika, Jumba lilifungwa kwanza, waunganishi wakafundishwa upya, kisha likafunguliwa. Ikatokea siku moja likafungwa wakati vijiji viwili vinapatanishwa kwa simu. Msemaji wa kijiji cha kwanza alikatika akiwa amesema, "Sisi nyinyi tunawaona ni," na wale wa kijiji cha pili wakamalizia wenyewe. Vita hiyo ilikuwa ndefu. Tangu hapo, anayetaka kubadilisha mwenendo wa Jumba sharti aubadilishe kazi ikiendelea, na njia ya kufanya hivyo ni bendera.

Njia yenyewe ni nzuri, na hapa sitanii. Dari la ukumbi ni la kioo. Kila muunganishi, kabla hajagusa waya, hutazama juu. Akiona bendera fulani imepanda, anafanya jambo fulani. Haipo, haangaiki nalo. Bendera hazina maandishi. Maana yake imo vichwani mwa waunganishi. Mtu mmoja akivuta kamba moja paani, ukumbi mzima unabadili tabia papo hapo, wala hakuna anayekatwa katikati ya sentensi.

Ubaya wa bendera ni kwamba haichagui. Ikipanda, imempandia kila mtu. Mke wa mkubwa mmoja wa zamani alichukia kupigiwa simu akiwa mezani, ikapandishwa bendera nyeupe, na mpaka leo hakuna raia wa Mlingotini anayepatikana wakati wa chakula cha mchana. Mtu mmoja aliwahi kumtukana tarishi kwa simu, ikapandishwa ya mistari, ambayo humtaka kila muunganishi arudie kwa sauti yale anayoyasikia ili mkosaji abainike. Kwa hiyo ukumbi mzima hupayuka siri za watu tangu asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa wote wanapayuka, hakuna anayesikia lolote. Ya manjano ni ya kumwimbia mpigaji wimbo wa kulisifu Jumba. Ya buluu ni ya kumuuliza jina la babu yake mzaa mama.

Halafu kuna ya kijivu. Hii ilipandishwa mchana mmoja wa zamani, siku ya fainali ya mpira, nchi nzima ilipopiga simu kwa pamoja kubishana kuhusu goli, na waya zikaanza kunuka moshi. Maana yake ni hii: usiunganishe simu mpya yoyote; mwambie mpigaji arudi baadaye. Ilikuwa ya muda tu, mpaka watu watulie. Watu walitulia jioni ile ile. Bendera haikushuka.

Nilimuuliza sababu Chiku, muunganishi jirani ya nyumba niliyofikia, binti mwenye ulimi wa pilipili. Alinieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwa mujibu wa sheria, kupandisha bendera ni uzalendo na mtu yeyote anaweza. Kushusha bila uthibitisho ni uhaini. Ya kijivu itashushwa pale wilaya zote zitakapothibitisha kwa simu kwamba kuna utulivu. Kila mwaka wilaya hupiga simu kuthibitisha. Zinaimbiwa wimbo, zinaulizwa jina la babu, kisha zinaambiwa zirudi baadaye.

"Si mumtume mtu kwa miguu?"

"Mtu si simu," Chiku akasema, akaendelea kula muhogo wake.

Hivyo simu pekee zilizo hai Mlingotini ni zile zilizokuwa zinaendelea wakati bendera ya kijivu inapanda. Hizo hazikukatwa, maana bendera inazuia mpya tu. Wenyewe walipogundua kwamba wakikata hawataunganishwa tena, hawakukata. Hawajakata mpaka leo. Kuna mzee anayeendeleza ugomvi wa ng'ombe alioanza marehemu baba yake. Kuna mchumba aliyetolewa mahari kubwa kwa sababu tu kwao kuna simu iliyo wazi. Ukiwa na simu kama hiyo sharti mtu awe karibu nayo wakati wote, kwa kuwa waya ukikaa kimya muunganishi huuliza, "Mpo?" na asipojibiwa anachomoa. Nyumba hizo huwekeana zamu.

Mimi nilifikia nyumba ya namna hiyo. Mwenyewe alikuwa Mama Kidawa, mpishi wa maandazi, na simu yake ilikuwa jikoni, mkono wake umelazwa juu ya mto mdogo uliofumwa kwa uzi mwekundu. Upande wa pili alikuwa mwanawe, Mbwana, mchimba chumvi wa huko Gongo la Mawe. Siku ile ya fainali Mbwana alikuwa amempigia mama yake kuuliza namna ya kupika dagaa wasinuke. Dagaa wale waliliwa zamani. Simu iliendelea.

Hawakuwa wakizungumza sana. Mama Kidawa alikanda unga, Mbwana kule kibandani alinoa sururu, na kila mmoja alimsikia mwenzake. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale sauti ilipotoka mtoni, yaani kwenye ule mto mwekundu, ikasema, "Mama, vitunguu vinaungua."

Mama Kidawa akageuka. Vilikuwa vinaungua.

"Anasikia vinavyokaanga," akaniambia, akiepua sufuria. "Wewe uko hapa una pua na hukuona kitu."

Nilipewa zamu ya alasiri, mama akienda kuuza. Mbwana alipenda habari za shule. Nilimweleza kuhusu maharage yetu na wale wadudu tunaowaita nyama, akacheka mpaka akakohoa. Naye aliniambia mkewe, Saumu, ni mjamzito, siku zake zimetimia, na kwamba mama yake hajamwona Saumu wala hajasikia kitoto kikilia katika ukoo wao tangu yeye mwenyewe alipokuwa mchanga. Kutoka mjini hadi Gongo la Mawe ni mbali, na miguu ya Mama Kidawa haifiki hata sokoni bila kupumzika.

"Akizaliwa nitamleta hapa simuni," Mbwana alisema. "Bibi yake amsikie akilia. Hicho tu."

Wiki ile ile Baraza la Milingoti likaitisha kikao. Vikao huwa wazi, nikaenda na daftari la Jiografia. Mwenyekiti alikuwa Mpandishaji Mkuu, Mheshimiwa Kibwana Sururu, mtu mnene mwenye sauti ya kutuliza, aliyevaa kamba ya mlingoti shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Alieleza kwamba mlingoti mmoja umebaki mtupu, jambo linaloitia nchi aibu. Alipendekeza upandishwe bendera ya zambarau Ijumaa saa sita. Maana yake: simu yoyote iliyozidi saa moja, ikatwe.

"Simu za zamani zimekalia waya," alisema. "Waya zikikaliwa, simu mpya zitapita wapi?"

Chiku, aliyewakilisha waunganishi, alisimama. "Simu mpya zipi, Mheshimiwa?"

"Hizo tunazozikataa."

Wajumbe walipiga makofi. Mmoja aliuliza kwa unyenyekevu kama zambarau ikipanda na kijivu ikiwa bado juu haitakuwa kwamba hakuna simu kabisa nchi nzima. Mheshimiwa Sururu alimshukuru kwa swali zuri, akasema hali hiyo ndiyo itakayoitwa utulivu, na utulivu ukipatikana wilaya zitapiga simu kuuthibitisha. Hoja ikapita.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza nitamwambiaje Mama Kidawa, nikakuta Chiku amenitangulia. Mama alikuwa amekaa sakafuni kando ya simu, mikono ina unga mpaka viwikoni. Hakulia. Alimwuliza Mbwana, taratibu, kama Saumu ameanza kuumwa. Mbwana akasema bado.

"Mwambie afanye haraka," mama akasema.

"Mama, hilo haliendi kwa kuamrishwa."

"Basi zungumza. Zungumza chochote."

Mbwana akazungumza. Alimwelezea rangi ya kanga ya Saumu, sauti ya mbuzi wa jirani, namna chumvi inavyong'aa jua likiwa utosini. Mama Kidawa alisikiliza kama mtu anayejaza mitungi kabla maji hayajakatwa.

Ijumaa asubuhi nilifua shuka langu. Nataka jambo hili lieleweke vizuri. Shuka lilikuwa chafu kwa haki: lina doa la chai la tangu muhula wa pili. Ni shuka la bweni, la rangi ya waridi iliyofifia, na kwenye pindo lina namba yangu, 114, kwa wino usiotoka. Shuka bichi linahitaji jua na upepo. Nilitazama huku na huko, nikaona jua na upepo viko kwa wingi juu ya paa la Jumba la Waya, ambako pia kulikuwa na mlingoti mmoja mtupu.

Askari wa paa alinizuia ngazini. "Unashusha au unapandisha?"

"Napandisha."

Akanipigia saluti, akanishikia ndoo.

Kamba zilikuwa laini. Nilivuta, shuka likapanda, likajaa upepo, na doa la chai likaenea angani likionekana na kila mtu. Nilichungulia kwenye kioo. Chini, muunganishi mmoja alitazama juu, mkono ukaganda. Wa pili akamwona wa kwanza, naye akatazama. Mara ukumbi mzima ulikuwa umeinua nyuso, na kwa mara ya kwanza tangu bendera ya mistari ipande, hakuna aliyepayuka.

Hakuna aliyejua maana yake. Lakini katika ukumbi ule, asiyejua maana ya bendera anarudishwa mafunzoni, kwa hiyo hakuna aliyekubali kwamba hajui. Chiku aliniambia baadaye kwamba kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho na kufanya lile lililoelekea kuwa ndilo. Jamaa wa safu ya mbele akasimama wima na kuanza kuwaita wapigaji "Mtukufu." Wa nyuma yake akavua viatu. Bibi mmoja wa makamo, karibu na kustaafu, akawa anamwambia kila mpigaji, kwa huzuni kubwa, "Pole sana," na wapigaji wakashukuru.

Saa sita Mheshimiwa Sururu alipanda na bendera ya zambarau imekunjwa juu ya sinia. Alikuta mlingoti una mwenyewe. Alisimama hapo jasho likimtoka. Hakuweza kupandisha ya kwake, hakukuwa na mahali. Hakuweza kushusha iliyopo. Askari wa paa alikuwa tayari anaitazama mikono yake. Hakuweza pia kuuliza ni bendera gani, maana yeye ndiye anayetakiwa kuzijua zote. Akatangaza kikao cha dharura pale pale juu ya paa la moto.

Wajumbe waliitazama kwa makini. Waliona namba. Hakuna bendera yao yenye namba, wakakubaliana kwamba hii ni ya daraja la juu kuliko zote. Mmoja alionyesha doa la chai, akasema ni ramani ya nchi, na akatambua kabisa wilaya yake. Wengine wakazitambua za kwao. Aliyetoka wilaya ndogo ya kusini alilalamika kwamba imechorwa finyu, akaahidiwa marekebisho. Lakini kuhusu maana, kila mjumbe alimwachia mwenzake heshima ya kuanza.

Hapo jicho la Mheshimiwa likaniangukia mimi na ndoo yangu.

"Mgeni," alisema, kwa sauti ya mtu anayempima mwanafunzi. "Hebu tueleze, ili tuone kama shule za kwenu zinafundisha. Huko ulikotoka, bendera hii ikipanda, watu wanafanya nini?"

Nilifikiri. Kwetu, shuka likianikwa, maana yake ni kwamba Jumamosi kuna ukaguzi. Lakini jikoni kwa Mama Kidawa kulikuwa na mkono wa simu juu ya mto mwekundu. Nilisimama kama ninavyosimama mstarini wakati wa salamu ya bendera, mikono ubavuni, nikasema:

"Mheshimiwa, kwetu hii ikiwa juu, hizo nyingine hazitazamwi."

"Zinashushwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hakuna anayeshusha kitu. Zinabaki juu kwa heshima zote. Ila hazitazamwi."

Niliona lile wazo likimwingia pole pole, kama sindano kwa mtu aliyejiandaa kuumia kisha hakuumia. Hakuna uhaini. Hakuna aliyekosea. Hakuna bendera iliyopandishwa bure, hata ile ya manjano, iliyopandishwa na babu yake Mheshimiwa mwenyewe.

"Sahihi," akasema. "Nilitaka tu kuona kama unajua."

Amri ilishuka ukumbini. Waunganishi walitazama juu, wakaliona shuka, wakaacha kutazama nyingine, wakachomeka waya. Mji mzima ukaanza kulia. Simu zililia madukani, kwenye zahanati na nyumba za ibada, ndani ya makabati ambamo zilikuwa zimefungiwa pamoja na sahani. Watu walikimbia nje wakidhani ni moto. Aliyekuwa ameendeleza ugomvi wa ng'ombe wa baba yake alikata simu, akakaa barazani, akawa hajui afanye nini na jioni yake.

Nilipofika jikoni, Mbwana alikuwa anahema. "Mama, Saumu ameanza. Wamempeleka zahanati ya bondeni."

"Nenda basi."

"Simu hii haiendi bondeni. Zahanati ina ya kwao. Kata, Mama. Nitakupigia kutoka huko."

Mama Kidawa akanigeukia. Alikuwa amesikia habari za shuka, kila mtu alikuwa amesikia. "Ile bendera yako," akasema, "ni ya kweli?"

Nimewahi kujibu maswali ya matroni, ya mwalimu wa zamu na ya mkuu wa shule mwenyewe bila kupepesa jicho. Hili nililijibu nikitazama sakafuni. Kila kitu kilikuwa kimening'inia juu ya kitambaa cha bweni na fundo nililolifunga mwenyewe, na mafundo yangu si ya kusifika.

"Iko juu, Mama," nikasema. "Hilo ni la kweli."

Alifuta unga kwenye kanga. Akaunyanyua mkono wa simu kutoka kwenye mto, akauweka sikioni, akasema, "Mbwana, usipige bila kuvaa sweta, bondeni kuna baridi." Kisha akauweka mahali pake.

Jiko likawa kimya. Sikuwa nimewahi kulisikia likiwa hivyo. Hata maji ya kwenye sufuria yalionekana kuona aibu kuchemka. Mama Kidawa alikaa. Alisimama, akaunyoosha mto ambao haukuwa umepinda, akakaa tena. Chiku alikuja mlangoni, akatuona, akauweka chini muhogo wake. Unga uliumuka ukamwagika bakulini na hakuna aliyeugusa. Nilikuwa nimeanza kufikiria namna ya kutoka kupitia dirishani pale simu ilipolia.

Mama Kidawa alishtuka, akaitazama. Aliiacha ilie tena. "Nilikuwa nimesahau sauti yake," akasema, ndipo akaipokea.

Hatukusikia "haloo." Tulisikia kitoto, kimekasirika, kinalia kama kilichonyimwa haki yake. Mama aliulaza mkono wa simu juu ya mto mwekundu kama siku zote, akavuta kigoda karibu, na mjukuu wake akalia jikoni kwetu mpaka akachoka mwenyewe.

Siku ya kuondoka nilipita paani kuchukua shuka langu. Lilikuwa limekauka. Askari wa paa alikuwa mwingine, na nyuma yake palikuwa na kibanda kipya kilichoandikwa Idara ya Shuka, chenye mkurugenzi na makamu wake. Nilishika kamba. Askari akauliza, "Unashusha au unapandisha?" Kutoka pale juu nilisikia simu za mji zikilia, moja baada ya nyingine, mpaka upande wa maandazi.

Nikasema nilikuwa nakaza fundo.

Nilikaza kweli. Kisha nikarudi shule, Jumamosi ukaguzi ukafika, na matroni akasimama mbele ya godoro langu tupu. Nilimweleza ukweli wote: kwamba shuka namba 114 liko kazini, na kwamba nchi nzima inapokea simu kwa sababu yake. Alinipa uwanja wa mpira niufyeke, pamoja na ule wa netiboli.

Sinung'uniki. Kinachonisumbua ni mvua. Mashuka ya shule yetu yanajulikana, hayavuki mihula miwili bila kuchanika, na najua ni nani atakayekaa sakafuni na unga mikononi siku lile litakapoachia. Nimeandika nyumbani kwamba muhula ujao ninahitaji mashuka mawili. Moja nitalalia.